Kurasa Zilizofungia Ugoro

Mimi riwaya huianza kwa ukurasa wa mwisho. Wajukuu wananicheka. Juzi mmoja wao, yule wa sekondari, aliniletea kitabu kipya, akaniona nimekipokea na kwenda moja kwa moja nyuma kabisa.

"Bibi, si umeshaua utamu wote?"

"Utamu shauri yako," nikamwambia. "Mimi nataka kujua nani atakuwa hai."

Akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikishausoma ule wa mwisho, nahesabu kurasa kama zote zipo, napitisha kidole kwenye mshono nione kama kuna iliyochanwa, ndipo ninarudi mwanzo. Kitabu kilichochanwa hakiingii nyumbani kwangu, hata kiwe cha bure. Sababu yake sijapata kumwambia mtu. Mama mkwe wangu aliijua, naye alikwenda nayo kaburini bila kuitamka. Sasa nimezeeka, macho yenyewe yanataka kuniacha. Naiandika.

Shule sikwenda. Uhuru ulipoingia nilikuwa ndani, nimewekwa mwali, nikasikia shangwe nikiwa nyuma ya ukuta. Nilipotolewa nikaolewa. Nilichojua ni jembe, jiko na kisima. Karatasi sikuijua, lakini niliiogopa, kwa maana kila karatasi iliyofika kwetu ilikuja na jambo.

Ile kubwa kuliko zote ilikuja siku ya mkutano. Tulikuwa tunaishi kitongojini, kaya saba, kila mtu na makaburi yake na michungwa yake. Mtu akasimama, akafungua karatasi, akasoma kwamba wote tutahamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mazingara, na nyumba zitajengwa kwa mstari. Wazee wakaguna, wakatawanyika, wakadhani ni maneno. Mvua hazijaanza, tukawa tumehama. Mume wangu aling'oa paa la nyumba yetu kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa chini napokea miti. Karatasi ilisema mstari, tukakaa kwa mstari. Ikasema kila kaya ichimbe choo, bwana afya akaja na baiskeli kuchungulia kama shimo lina kina. Hapo nikaelewa jambo moja, likanikaa kichwani kama msumari: kilichoandikwa hutokea.

Kisomo cha watu wazima kilianza kwenye ghala la pamba, alasiri, tukitoka shamba la kijiji na matope miguuni. Mwalimu alikuwa binti wa Kisambaa, katoka milimani, kamaliza darasa la saba. Umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho. Joto letu lilimtesa, alifundisha huku akijipepea kwa daftari. Sisi watu wazima tulikuwa tunamwita Mwalimu, na yeye anatuamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kutugombeza.

Vitabu vya kisomo vilikuwa vya maagizo. Chemsha maji ya kunywa. Panda pamba kwa nafasi. Fagia uwanja. Kila nyumba iwe na choo. Nikisoma leo, kesho nafanya. Mama mkwe, ambaye kisomo alikikataa tangu mwanzo, alikuwa ananiuliza nikirudi, "Haya, leo wamesema tufanye nini?" Namwambia, tunafanya. Na kweli, tangu tuchemshe maji matumbo yalitulia. Sikuona kitabu kikisema neno likawa uongo.

Nilipofaulu mtihani wa kisomo, Mwalimu akafungua sanduku la vitabu vya kijiji, akanipa kimoja. Jalada lilishatoka, jina lake sikulijua na hata leo silijui.

"Mwalimu, hiki ni cha kilimo au cha afya?"

"Hiki ni riwaya, mama. Ni hadithi. Kasome tu ufurahi."

Hadithi nilizijua. Ni za sungura na fisi, zinaanza kwa kuitikiana na zinaisha watu wakienda kulala. Nilipofungua hiki sikumkuta sungura. Nilimkuta mwanamke anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi umemwingia machoni, na asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimepuliza moto wa kuni mbichi. Nikakifunga. Nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu ananichungulia.

Baadaye nikakifungua tena. Mume wa yule mwanamke alikuwa mbali kazini. Wangu alikuwa Korogwe, anakata mkonge shambani, haonekani hadi mwisho wa mwezi. Yule mwanamke alishazika mtoto mmoja, akabaki na mmoja. Mimi nilizika mmoja kule kitongojini tulikohama, kaburi lake nikaliacha na michungwa, nikabaki na binti wa miaka minne. Wa kitabuni alikuwa mvulana. Nikashikilia hapo, nikajiambia, si yeye, wake ni wa kiume.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, alasiri, mama mkwe akiwa ananipukuchulia mahindi na ugoro wake mdomoni. Yeye hakuogopa kitu. Alikuwa anamgombeza yule mwanamke kana kwamba ni mke wa mwanawe wa pili.

"Mjinga huyo! Chumvi imekwisha tangu juzi, anangoja mume aione? Si aende kuazima!"

"Mama, hakusikii huyo."

"Atanisikia. Soma."

Nikasoma. Mtoto wa kitabuni akashikwa na homa. Mama yake akampeleka hospitali ya mjini. Daktari akatoa sindano, muuguzi akamsukuma mama nje, mlango ukafungwa. Akasimama pale. Na kutoka ndani ya chumba ikasikika sauti ya mtu analia.

Hapo kitabu kikaisha. Nikafunua, pakawa hapana cha kufunua. Palikuwa na nyuzi za mshono na vipande vidogo vya karatasi vimeng'ang'ania, kama mizizi ya nyasi uliyoing'oa.

"Enhe?" mama mkwe akasema. "Kikawaje?"

"Kimekwisha."

"Kimekwisha vipi mtu yuko mlangoni?"

Nikamwambia mtoto amekufa. Nani tena alie ndani ya chumba, kama si kwa sababu mtoto amekufa? Mama mkwe akatema ugoro, akaendelea na mahindi. Nilikwenda kumtafuta Mwalimu nimwulize. Nikaambiwa amepanda milimani kwao, kuna msiba, hatarudi wiki hiyo.

Siku ya nne tangu hapo, binti yangu akaamka na homa.

Mwanzoni nilimkanda kwa maji, nikamchemshia mwarobaini. Mchana akakataa uji. Jioni ile macho yakapanda juu, meno yakakaza, mikono ikaanza kumtetemeka. Degedege. Mama mkwe akaingia mbio, akamgeuza ubavu, akamfuta povu, na kilipotulia kile kitu akaniambia bila kunitazama, "Asubuhi tunakwenda hospitali. Funga mzigo."

"Hatuendi," nikasema.

Akadhani hajasikia. "Unasemaje?"

"Hatuendi hospitali, mama. Akichomwa sindano atakufa. Umesikia mwenyewe kwa masikio yako. Sindano ikaingia, mlango ukafungwa, sauti ikatoka."

"Ile si hadithi yako ile?"

"Choo nacho si kilikuwa kitabuni? Tumechimba au hatukuchimba? Kuhama kulikuwa kwenye karatasi. Leo tunakaa wapi?"

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa maneno. Sikumwona akikosa jibu hata kwa balozi wa nyumba kumi. Siku ile alikosa. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba ile, nilikuwa nimemsomea dunia tangu masika, na kila nilichosoma kilikuwa kweli. Akaniamini. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba aliniamini.

Asubuhi hatukwenda. Tulimfukiza majani, tukamfunika. Siku nzima niliketi mlangoni na yule mtoto mapajani, namhesabia pumzi. Jirani akipita akiuliza, nasema anaendelea. Kila nilipowaza hospitali niliuona ule mlango. Niliijua rangi yake, ingawa kitabu hakikutaja rangi. Niliusikia ukifungwa. Nikajisemea, mwenzangu alikwenda, akakuta alichokikuta. Mimi nimepewa onyo, nitakuwa mjinga gani nisilisikie? Nilidhani Mungu amenifundisha kusoma kwa ajili ya siku hiyo.

Siku ya pili yake mtoto hakulia tena. Alikuwa anatazama dari, nikimwita hageuki. Niliona ametulia, nikasema afadhali. Mama mkwe akamtazama, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mume wangu yuko Korogwe, Mwalimu yuko milimani. Tulikuwa wanawake wawili na kitabu.

Siku ya tatu, jua halijapanda, degedege likamrudia, likakaa. Lilipomwacha alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mama mkwe akaingia amevaa kanga zake za safari. Hakuniuliza. Alimchukua mtoto mapajani mwangu, akamweka mgongoni, akamfunga mbeleko.

"Mama, kitabu kimesema..."

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Lakini mtoto anayekwenda namjua. Nimezaa tisa, wanne nimewaona wakienda, na wote walitazama hivyo hivyo. Kitabu chako kiache hapa kimlinde paka."

Akashika njia. Nikamfuata kama mbuzi.

Ni saa mbili kwa miguu hadi barabara kuu. Yule mama alikuwa mzee wa kuinama, lakini siku ile sikuweza kumpita. Nilikuwa nyuma yake, naangalia visigino vya mwanangu vikipigapiga kiunoni kwa bibi yake. Kila hatua nilijua ninampeleka mlangoni. Mara mbili nilitaka kumkimbilia nimnyang'anye. Kilichonizuia si akili. Ni kwamba nilimwogopa yeye kuliko kitabu.

Barabarani tukapata lori la magunia. Taniboi akatuvuta juu, akamwona mtoto, akagonga bodi kwa nguvu dereva aondoke. Tulipofika Segera likasimama kidogo, wauza machungwa wakatuzunguka, "Mama, matamu, mama, onja kwanza!" Mmoja akachungulia, akaona, akashusha kapu lake, akawafukuza wenzake. Kwa kule kunyamaza kwao nikajua sura ya mwanangu ikoje.

Hospitali ya Korogwe tulifika adhuhuri. Daktari alikuwa kijana, amevaa miwani. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akamfunua mtoto jicho, akageuka.

"Homa imeanza lini?"

"Juzi ya juzi," mama mkwe akasema.

"Na mlikuwa wapi siku zote hizo, bibi?"

Daktari hakungoja jibu. Akaagiza sindano. Muuguzi akanishika bega, akanisogeza nje, akafunga mlango.

Ulikuwa wa kijani.

Nilikaa chini penye saruji, nikaziba masikio kwa vidole vyote. Sauti ilikuwa inakuja, nilijua, nimeshaisoma. Nikabana hadi nikasikia damu yangu. Nikangoja, nikangoja. Nilipochoka mikono nikaiachia kidogo. Kimya. Haikutoka sauti ya mtu yeyote.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, miguu kainyoosha, vumbi hadi magotini. Akafungua pindo la kanga atoe ugoro. Kikaratasi kikamponyoka kikaanguka kati yetu, ugoro ukamwagika. Nikakitazama. Kilikuwa na maandishi.

Karatasi za ugoro zilikuwa za magazeti, kila mtu alifungia hivyo. Lakini haya maandishi niliyajua. Unamjua mtu kwa mwendo wake kabla hujaiona sura, ndivyo nilivyoyajua. Nikakiokota. Nikakipukuta, nikakinyoosha juu ya paja. Nusu ilikuwa imelowa ikawa kahawia. Hiyo nyingine nikaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa maana machozi yalikuwa yananizuia.

Ilisema kwamba aliyelia ni mtoto. Alikuwa kimya siku mbili, na sindano ilipomwingia alilia kwa uchungu, na muuguzi akafungua mlango akamwambia mama yake: mshukuru Mungu, mtoto akilia ana nguvu. Chini ya hapo palikuwa na neno la uji, na zaidi ya hapo ni ugoro.

Nilimwonyesha mama mkwe. "Hii umeitoa wapi?"

Akatazama. "Kwenye kitabu chako. Nilichana kidogo nyuma."

"Mama! Kwa nini?"

"Za mbele ulikuwa unazisoma," akasema. "Za nyuma nilidhani ni za akiba, kama zile za daftari lako. Hazina kitu, si umeziacha?" Kisha akaona uso wangu. "Imesemaje?"

Nikamsomea. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, akazungusha shingo taratibu akautazama mlango wa kijani. Sote wawili tukafahamu wakati mmoja. Siku tatu niliiogopa ile sauti. Nilikimbia ile sauti hadi mtoto akafikia hapa. Na sasa mlango umefungwa, sindano imeshaingia, na ndani hakuna anayelia.

Nimeshaogopa mambo mengi maishani. Nimekutana na chui kisimani. Baadaye nikazaa mapacha peke yangu porini. Hakuna kilichofikia alasiri ile. Nilikuwa naomba mwanangu alie. Nilikuwa naomba aumie alie. Muuguzi akitoka na beseni, namtazama mdomo, anapita. Kivuli cha nguzo kikatutoka miguuni kikapanda ukutani. Mama mkwe alikuwa anatamka dua kwa Kizigua, maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Kivuli kilipofika dirishani, ndani pakatoka kitu. Kidogo. Kama paka aliyefungiwa kabatini. Mama mkwe akanikamata mkono, kucha zikaingia.

"Huyo?" akasema. "Huyo, au masikio yangu?"

Kikatoka tena, kikawa kirefu.

Alipona. Lakini sikio la kushoto halikurudi. Daktari alisema homa imekaa siku nyingi kichwani, tungewahi pengine lisingekufa. Alilisema polepole, bila ukali, na afadhali angenipiga.

Mume wangu alipelekewa habari, akaja kutoka shambani siku iliyofuata, mikono imechanika kwa mkonge. Akamshika mtoto, akamwita, akaona anageuza kichwa upande mmoja tu. Akatuuliza, "Siku mbili mlikuwa mnangoja nini?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanitangulia.

"Mto ulijaa," akasema.

Ilikuwa kiangazi. Mume wangu akaitazama miguu ya mama yake, vumbi bado limegandia kwenye mipasuko ya visigino. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mto ulijaa," na hakuuliza tena hadi alipofariki.

Mwalimu aliporudi nilimpelekea kitabu, na kile kikaratasi ndani yake.

"Mama, mbona kinanuka ugoro?"

Nikamwuliza, "Aliyekiandika anatujua?"

"Hapana, mama. Amekitunga tu."

"Anajua jiko langu, anajua mume wangu yuko wapi. Hatujui vipi?"

Yule binti alicheka, akadhani nafanya mzaha. "Majiko yako mengi, mama. Na waume walio mbali ni wengi."

Nilirudi nyumbani nikiliwaza neno lake. Nimeliwaza miaka yote hii. Kitabu cha choo kinataka ufanye kinachosema. Riwaya haitaki ufanye kitu. Inakuweka tu mlangoni pamoja na mwenzako, umsikie anavyopumua. Mimi sikumsikia mwenzangu. Nilikuwa najitafuta mimi humo ndani. Angekuwa jirani wa kweli ningemwuliza, mwenzangu, ikawaje? Nisingekwenda kusema mtoto wake amekufa wakati mwenyewe hajaniita msibani.

Lakini kusoma sikuacha. Nimesoma riwaya nyingi tangu hapo, zote kwa woga, zote kuanzia nyuma. Mama mkwe naye hadi kufa kwake alinitaka nimsomee, na ugoro wake akaufungia jani la mgomba.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ameolewa Kerenge, analima, ana watoto wake. Akija kunitembelea mimi hukaa kulia kwake, bila kuambiwa. Mwaka jana tulikuwa tunachambua mboga, akaniuliza ghafla, "Mama, hili sikio lilikufa kwa nini?"

"Homa," nikasema.

"Bibi aliwahi kuniambia mto ulijaa."

"Na mto," nikasema, nikainuka kuchukua maji ambayo sikuyahitaji.

Yeye anasoma vizuri kuliko mimi, tena anaanza mwanzo kama watu wote. Karatasi hizi nimezitoboa kwa sindano ya magunia, nikazishona mara mbili kwa uzi wa katani, nikavuta kila moja nione kama inatoka. Hazitoki. Jumamosi anakuja kuchukua mbegu. Nitamwekea mapajani, nami nitakaa upande wake wa kulia, nisiende popote, hadi afike hapa.